Programu Iliyosema Zimekwenda

Baba yangu,

Nimeandika shikamoo, nikaifuta, kisha nikairudisha. Sijui marehemu huamkiwa vipi kwenye barua, na mtu niliyekuwa nikimuuliza mambo ya namna hii ni wewe. Basi shikamoo.

Kesho ni arobaini yako. Uani masufuria ya kukodi yamekwisha kuletwa, wanawake wanachagua mchele, na Mama yumo ndani kwenye eda yake, anawasikiliza kwa dirishani na kuwakosoa. Mimi nimejifungia chumbani kwako, kwenye kiti chako, kile chenye mto uliobonyea upande wa kushoto. Anayepita mlangoni ananiuliza, "Umeshapoa?" Nasema nimeshapoa. Na kweli nimepoa, kama chai iliyosahauliwa mezani. Sijalia hata siku moja tangu ufe. Nakwenda kazini, narudi, nakula nikiwekewa, nalala nikiona wenzangu wamelala. Mashangazi wanasema nina imani. Si imani, Baba. Sihisi kitu, na sababu yake naijua, na sijamwambia mtu.

Nakwambia wewe kwanza. Ami Seif hakukataa kuja kukuosha. Hakuitwa. Niliyepaswa kumwita ni mimi.

Wewe mengi ya haya unayajua, lakini nayaandika yote, maana barua hii sidhani kama itabaki kwetu wawili.

Bibi alipofariki, mama yako, habari ilipita midomoni. Ulimpigia mmoja, akampigia wa pili, wa pili akampigia wa tatu, mpaka ilipovuka Pangani na kumfikia mdogo wako Seif kule Mwera, shambani kwake kwenye minazi, ilikuwa imeshageuka. Wewe ulisema tunazika baada ya adhuhuri. Yeye aliambiwa baada ya alasiri. Akaoga, akavaa kanzu, akaja kwa utaratibu kama mtu mwenye nafasi, akakuta watu wanakung'uta mchanga kwenye viatu. Nilikuwa nimesimama hapo barazani. Hakupaza sauti. Alikwambia, "Umenizikia mama yangu bila mimi," akageuka na gari lile lile lililomleta. Hamkusemezana tena kwa miaka ambayo mimi niliimaliza shule, nikaenda chuo, nikarudi.

Ulikaa na neno lile kwa muda mrefu. Halafu siku moja unakula muhogo wako wa asubuhi ukasema, bila mtu kukuuliza, "Msiba uwe na mdomo mmoja." Mama akadhani unazungumzia muhogo. Ulikuwa unatunga kanuni. Tangu siku hiyo katika ukoo wetu akifa mtu, hakuna kupigiana. Sauti moja inarekodiwa, inasema nani kafariki, anazikwa wapi na saa ngapi, na inawafikia wote kwa wakati mmoja. Asiyetumwa asitangaze. Na wa kuifikisha hiyo sauti tuwe mimi na wewe, kwa programu tutakayoiandika wenyewe, kwa lugha ya C.

Watu walicheka, nakumbuka. Kaka Nassor alisema kuna njia rahisi hamsini za kutuma sauti kwa simu, kwa nini mzee ahangaike na lugha ya mashine. Ukamjibu, "Hizo njia hamsini hujui ndani mnapita nini." Wewe ulikuwa fundi mitambo wa kituo cha simu kwa umri wako wote wa kazi, na ulipostaafu ukaona kompyuta ya mkononi iliyochoka, ukaikamata kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Uliipenda C kwa sababu, kama ulivyosema, haifichi waya. Kitabu chake ulikitoa kivuli chote, ukakishona kwa uzi wa viatu. Ninacho hapa. Kina alama za vidole vyenye mafuta ya samaki kwenye ukurasa wa vielekezi, somo gumu kuliko yote humo, na hapo najua ulikaa sana.

Mimi nilikuwa nimesomea, nikajiona ninajua. Ndipo uliponipa jina la Bi Haraka.

Tulikubaliana hivi. Sisi hatuandiki kila kitu. Ile kazi ya kuzungumza na mtandao, kupeleka faili na kupokea jibu, tunaiachia maktaba, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine ambazo programu yako inaziazima. Sauti inatoka kwetu, maktaba inaibeba, inaipeleka kwenye mtambo wa ujumbe, nao unaiangusha kwenye simu ya kila ndugu. Ndugu thelathini na mmoja. Ulikataa wapelekewe mmoja mmoja kwa foleni. Ulitaka wote wapate kwa mpigo, asiwepo wa kusema fulani alijua kabla yangu. Kwa hiyo kila jina nikalipa uzi wake, nyuzi thelathini na moja zinazofanya kazi pamoja ndani ya programu moja.

Sasa ile maktaba ina sharti lake. Kabla hujaiomba chochote, iamshe. Iamshe mara moja, mwanzoni kabisa, wakati programu bado ina uzi mmoja tu na hakuna mwingine anayetembea ndani. Ikikujibu sifuri, iko salama, endelea. Ikikujibu kingine, simama hapo hapo. Ukisahau kuiamsha haikugombezi. Uzi wa kwanza utakaoihitaji utaiamsha wenyewe kimya kimya, na mara nyingi utafanikiwa. Kwa uzi mmoja hilo halina neno. Kwa nyuzi thelathini na moja zinazokuja mbio pamoja, mbili zinaweza kuikuta iko nusu macho, na moja ikarudi mikono mitupu.

Ulilielewa hili kabla yangu, tena bila kusoma mpaka mwisho. Ukanieleza habari za kituo cha simu. Ulikuwa unafika alfajiri peke yako, unawasha mtambo mkubwa, unaweka kisikilizio sikioni na kungoja mlio. Ukishausikia unaandika daftarini, ndipo unawafungulia mlango wale mabinti waunganishaji waende kwenye mbao zao za kuunganishia simu. Siku moja uliumwa, wakajifungulia wenyewe, na kila mmoja akawasha upande wake. Mji ulikaa bila simu mpaka jioni.

"Anzisha kwanza," ukasema. "Wewe peke yako. Mara moja. Halafu sikiliza umejibiwa nini."

Nikakwambia, "Nimejaribu mara ishirini, Baba, inafanya kazi."

"Mara ishirini nani alikufa?"

Nilinuna. Nilidhani unanikomoa tu, mzee wa mitambo ya zamani anamtafutia makosa mtu aliyesoma. Nikaiacha vile vile, kila uzi uiamshe maktaba kivyake. Na kwenye mstari wa mwisho wa programu niliandika iseme, "Zimekwenda." Sikuiambia iulize kwanza kama zimekwenda. Niliiambia iseme.

Hili nalo uliliona. Ulilicheka siku hiyo hadi ukakohoa. Ukasema, "Umeiandikia tabia yetu." Ni kweli. Sisi mtu akituuliza habari za nyumbani tunasema nzuri, halafu ndiyo tunaongeza kwamba bibi kalazwa na paa limeng'oka. Nzuri inatoka kwanza. Ni adabu, na mimi siioni ubaya. Wewe ulisema simu haina adabu, na fundi anayesema nzuri kabla hajapima atakuja kuua mtu. Nikasema nitabadilisha, na sikubadilisha. Msiba ulikuja, programu ikapeleka. Ukaja wa pili, ikapeleka. Kila mtu akapata, kila mtu akafika kwa wakati, na Nassor mwenyewe akakusifu msikitini. Mimi nikaona hoja imekwisha.

Idi ndogo iliyopita ulinichukua Mwera. Hukumwambia Mama tunakwenda wapi, ulisema tu unanyoosha miguu, kama vile miguu inanyooshewa Pangani. Ami Seif alikuwa anafua dafu. Alikuangalia, akaangalia panga lake, akaendelea kufua mpaka akamaliza, akakukabidhi wewe la kwanza. Hamkuombana radhi kwa maneno. Mliongea habari za bungo wanaokula minazi, saa nzima, wadudu tu. Nilikaa pale nikiumwa na siafu nikijiuliza tumefuata nini.

Wakati wa kuondoka akakushika mkono, akasema, "Ukitangulia wewe, nitakuosha mimi. Nikitangulia mimi, uje uniwahi."

Ukamwambia, "Utaitwa. Huyu ndiye atakayekuita." Ukanionyesha mimi.

Naliandika hili taratibu kwa sababu ndilo lenyewe. Ulinitaja kwa jina mbele yake.

Ulikufa baada ya sala ya alfajiri, ukiwa umekaa, chai yako haijanywewa. Nassor alikuja mbio kutoka Usagara. Ulikuwa umeacha usia kwa mdomo, wote tuliusikia: aoshe Seif. Tukaweka maziko baada ya alasiri ili apate nafasi ya kutosha, ingawa Mwera si safari ya kutwa. Nilirekodi kwa sauti yangu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Baba yetu, nyumbani Ngamiani, leo baada ya alasiri. Nikaiendesha programu. Ikasema, "Zimekwenda." Nikatoka uani nikabandika maji jikoni, kwa sababu maji ya kukuoshea hiyo ilikuwa zamu yangu.

Watu wakaja. Wa Muscat wakapiga simu wakilia, wa Mombasa wakafika, wa Pangani wakaja gari zima. Katika hao wa Pangani kila mmoja alidhani Seif ametangulia, ndugu wa damu angengoja nini. Adhuhuri ikapita. Nikamwambia Nassor, "Nimpigie Ami?" Akaniuliza, "Si umempelekea?" Nikasema zimekwenda zote. Akasema, "Basi. Mtu habembelezwi kuja kumzika ndugu yake. Baba mwenyewe aliweka kanuni." Sikumpigia. Ilikuwa kanuni yako, na programu yangu ilikuwa imeshasema. Maji yalianza kupoa, nikayarudisha jikoni, nikayapasha tena. Mwishowe akakuosha mwosha wa msikitini, na Nassor akashika maji.

Ami Seif alikuja kesho yake, saa tatu ya asubuhi. Jirani yake alirudi kutoka mazikoni akampa pole. Ndivyo alivyojua, Baba, kwa kupewa pole na jirani. Alisimama pale barazani, mahali pale pale pa siku ya Bibi, kashika mfuko wa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa tayari, ya kukuoshea. Alikuwa ameyaweka tangu Idi.

Nassor hakunyanyuka kwenye mkeka. Alimwambia, "Karibu, Ami. Habari za Mwera?"

"Nzuri," akasema. Halafu akasema, "Sikupata habari."

"Watu thelathini wamepata."

"Mimi sikupata, mwanangu."

Nassor akageuka kuniangalia. Nilikuwa mlangoni na sinia ya kahawa. Nikasema, "Zilikwenda zote." Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Wallahi wakati ule niliamini. Ami akaniangalia mimi, si Nassor. Kisha akaweka mfuko wake kwenye ukingo wa baraza, akakuombea dua, akaondoka. Mfuko ule Mama aliagiza uingizwe ndani. Uko kabatini kwako, nausikia harufu hapa nilipo.

Baada ya siku kumi Nassor alinituma. "Mfute Seif kwenye orodha," alisema. "Asiyekuja kwa ndugu yake asiitwe kwa mwingine." Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayeagiza balbu. Nikaja hapa nikaifungua programu, mara yangu ya kwanza kuifungua kwa zaidi ya mwaka. Siku zote huwa naiendesha tu.

Juu ya ule mstari unaozaa nyuzi, wewe ulikuwa umeandika. Ulijua kwamba kwenye C ukitanguliza alama fulani, mashine inaruka maneno yako na binadamu anayasoma. Umeandika hivi: "Bi Haraka. Mlango mmoja, watu thelathini na mmoja. Afungue mmoja kwanza, asikilize, ndipo waingie. Na hilo neno la mwisho usilitoe mpaka umeuliza." Nikakumbuka. Kabla ya mfungo uliniuliza, "Umeliona neno langu?" Nikakujibu, "Nitaliona, Baba," huku naangalia simu.

Nikafungua daftari la programu. Hilo nalo lilikuwa wazo lako, kila jina likipelekewa liandikwe. Sikuwahi kulisoma. Siku yako ina mistari thelathini. Nikaihesabu kwa kidole kwenye kioo, mara tatu, kama mtu wa kijiji. Uzi wa Seif uliomba maktaba, maktaba ilikuwa nusu macho, uzi ukarudi mikono mitupu. Na mimi niliuandikia ufanye nini ukirudi mikono mitupu? Uondoke bila kusema neno. Halafu programu ikamaliza, ikasema zimekwenda.

Sikumfuta. Sikusema pia. Nilimwambia Nassor nimemfuta. Hapo Baba sikuwa tena nimekosea, hapo nilikuwa nadanganya, na tofauti yake naijua.

Siku hizi zote nilingoja nisikie kitu. Nilidhani nitalia, au nitaumwa, au nitashindwa kula. Hapana. Nilipiga pasi nguo za kazini. Nilibishana na muuza vitunguu. Watu wakiniuliza hali nikawajibu nzuri, na kila nikisema hivyo naliona lile neno langu kwenye kioo, na bado sisikii kitu. Nimesikia watu wakimtaja Ami Seif uani, mtu aliyeweka kinyongo mpaka kaburini, nami nikaendelea kukatakata nyanya. Sijui kama hii ndiyo adhabu yenyewe au adhabu bado iko njiani.

Nimeweka kalamu hapa, nimefanya kazi kidogo, na nimerudi. Sasa ni baada ya adhuhuri.

Nimerekebisha. Haikuchukua muda, na hilo ndilo linaloudhi. Nimeitoa ile amri ya kuamsha kutoka kwenye kila uzi, nikaiweka mstari wa kwanza wa kazi, kabla sijazaa uzi wowote. Mara moja. Nikaandika programu isikilize jibu, na lisipokuwa sifuri isimame na iseme kwa nini. Kila uzi sasa ukirudi mikono mitupu unataja jina la mtu wake. Mwishoni, zote zikisharudi, maktaba inalazwa, mara moja vile vile. Na neno la mwisho nimelifuta. Mahali pake inasoma majina yote, mmoja mmoja, nani imemfikia na nani haikumfikia. Maneno yako sikuyagusa. Yapo juu pale pale.

Kisha nikachukua simu nikarekodi. Programu hii haijawahi kubeba kitu kingine ila msiba, na ndugu wote wakiona inakotoka watadhani kafa mtu mwingine. Kwa hiyo nilianza kwa kusema hakufa mtu. Nikasema mimi ni nani. Nikasema siku ya Baba Ami Seif hakupelekewa habari, kosa ni la programu na programu ni yangu, na kwamba alipokuja barazani alisema kweli na mimi niliyesema zilikwenda ndiye niliyesema uwongo, na kwamba nimelijua hili tangu siku ya kumi. Nikamwomba radhi kwa jina. Nikaiendesha.

Ilijibu sifuri. Nikangoja. Majina yakaanza kushuka, la shangazi mkubwa, la watu wa Mombasa, la watoto wa Muscat. Seif, imefika.

Simu ililia kabla orodha haijamalizika. Ilikuwa namba ya Mwera. Nikaamkia, akaitikia, nikasikia kuku wake. Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze.

Akaniuliza, "Nani alimwosha?"

"Mwosha wa msikitini, Ami. Nassor alishika maji."

"Maji yalikuwa ya uvuguvugu? Kakangu hakupenda maji ya baridi toka mdogo."

"Yalikuwa ya uvuguvugu. Niliyapasha mimi. Mara mbili."

"Mara mbili kwa nini?"

Nikasema, "Tulikuwa tunakungoja wewe."

Kisha akasema, "Basi, mwanangu. Nimesikia." Akakata.

Hapo, Baba, nikaweka simu chini. Sikulia, nisikudanganye. Lakini nilishika ukingo wa meza yako, na meza niliisikia.

Nilipogeuka kwenye kioo orodha ilikuwa imekwisha. Thelathini zimefika. Moja haikufika, na imeandikwa waziwazi kama nilivyoiagiza: Nassor. Ana laini mpya tangu mwezi jana, na kwenye orodha iko namba yake ya zamani. Programu ya jana ingesema zimekwenda, na mimi ningekwenda kuchagua mchele na wenzangu.

Ningeweza kubadilisha namba nikatuma tena. Namba yake mpya ninayo, ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nimeitazama kwa muda, kisha nimeizima kompyuta.

Baibui langu liko mlangoni. Ule mfuko wa mkunazi nimeutoa kabatini, nakwenda nao, kwa sababu najua nikifika mbele ya Nassor ataniuliza habari, na mdomo wangu utataka kusema nzuri. Nitauweka mezani kwanza. Usagara si mbali, nitakwenda kwa miguu.

Lala salama, Baba. Nimesoma neno lako, nimechelewa.

Mwanao, aliyeambiwa mbele ya Seif kwamba ndiye atakayeita,
Bi Haraka